Uongo Niliousema Kuhusu Mgongo wa Baba Yako

Lisekese, Masasi

Mwanangu Somoe,

Umekwenda mjini kuwaaga wenzako, na kwa ninavyokujua hutarudi kabla ya magharibi. Baba yako amelala kwa ubavu chumbani, redio inapiga kelele na yeye anaikoromea. Nimekaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu ndipo penye mwanga, daftari lipo magotini, na mgongo wangu mimi nao umeanza kunisema. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usicheke.

Mambo ya soksi, ndala za kuogea, na kutomwazima mtu ndoo yako, shangazi zako wamekuambia mpaka umeanza kuwajibu kabla hawajamaliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Ndoo ikipotea utanunua nyingine.

Ninakuandikia kwa jambo moja. Tangu rufaa ya baba yako iishe, humsalimii babu Saidi. Unapita mbele ya baraza lake uso umeugeuzia barabarani, kana kwamba kuna kitu cha kutazama kwenye barabara ya Lisekese. Sikukuuliza sababu kwa kuwa naijua. Umesikia kwa watu kwamba babu alisimama mbele ya wakubwa kule Mtwara akamvua nguo baba yako, akasema mkwe wake hawezi hata jembe. Ni kweli alisema hivyo. Lakini waliokusimulia hawakuwemo chumbani, mimi nilikuwemo, na jambo lenyewe lilianza kwangu. Kesho unakwenda kuwa askari kama baba yako alivyokuwa. Sitaki uende na nusu ya habari.

Ngoja nianze na ile ajali, maana hata hiyo baba yako amekusimulia kwa namna yake, ya kuchekesha, lori linabingirika na mpishi wa kambi anatoka na sufuria kichwani. Lori lilibingirika kweli. Walikuwa wanatoka doria, njia ina utelezi, dereva akashindwa. Baba yako alikuwa amekaa nyuma pamoja na masanduku, na sanduku moja likamwangukia mgongoni. Akainuka. Akawavuta wenzake, mmoja mmoja. Mganga wa kambi alipofika akamuuliza, "Na wewe?" Akajibu, "Mimi sijambo, afande, watazame hawa." Mganga akawatazama hao. Jina la baba yako halikuandikwa siku ile.

Liliandikwa baadaye, asubuhi moja aliposhindwa kuinuka kitandani na wenzake wakambeba kwa blanketi. Bahati yake mganga alikuwa muungwana, akaeleza kwa maandishi kwamba jeraha limetokana na lile lori. Lakini mwanangu, karatasi hiyo ilikaribia sana kutokuwepo. Nimeifikiria mara nyingi kuliko ninavyofikiria harusi yangu.

Basi wakamstaafisha kwa ugonjwa, akarudi. Na unajua alirudi wapi. Hakurudi kwao Makote, kule Newala, kwa mama yake, alirudi hapa, kwetu, kwa sababu sisi watu wa huku mume ndiye huja. Alinioa akiwa kijana mwenye mabega mapana, na babu Saidi, ambaye kwangu ni mjomba, kaka yake marehemu mama yangu, alimkubali kwa mabega hayo. Usinikasirikie, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mkwe anakuja kwenye shamba la wajomba, analima, anapalilia mikorosho, na siku asipoweza, mjomba ana haki ya kumwambia akusanye vitu vyake apande Newala akapumzike kwao. Wewe umezaliwa watu wameanza kuacha mambo hayo. Mjomba Saidi hajaacha kitu.

Wala hakuwa mtu laini. Hata leo si laini. Tangu baba yako aingie nyumba hii hajawahi kumwita kwa jina lake, anamwita "askari". "We askari, umeamkaje." Kila nikisikia hivyo nilidhani anamtafutia sababu ya kumfukuza.

Kwa hiyo tukawa wasanii, mimi na baba yako. Msimu wa palizi nilikuwa naamka kabla ya adhana, naacha moto umefunikwa majivu, nakwenda shambani na kupalilia chini ya mikorosho mpaka mikono inakufa ganzi. Kukianza kupambazuka narudi kwa njia ya nyuma, naosha miguu, naanza kupika uji kana kwamba ndiyo kwanza nimeamka. Ndipo anatoka yeye. Jembe begani, anatembea polepole, watu wanadhani ni madaha ya kijeshi kumbe ni maumivu. Anakwenda mpaka ukingo wa shamba, anakaa penye kisiki, anapaka jembe udongo, anajipaka na suruali. Jua likichomoza anarudi nalo, anapita mbele ya baraza la mjomba, anasema, "Shikamoo mjomba, leo nyasi zilikuwa kali." Mjomba anaitikia, "Marahaba, askari. Pole na kazi."

Wewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa ukimkimbilia kumpokea jembe, nami nikigeuka pembeni. Nilikuwa naona aibu na wakati huohuo najisifu moyoni kwamba nimeweza kumsitiri mume wangu. Nakiri nilijisifu sana.

Sasa madai. Askari aliyeumia kazini anaruhusiwa kudai, na baba yako alidai. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuthibitisha kwamba aliumia jeshini. Wapi. Ile karatasi ya mganga ilitosha, hawakubishana nayo hata kidogo. Walichotaka kujua ni ameumia kiasi gani. Maana mtu aliyeumia mgongo na bado anaweza kulima, wanamhesabu mwenye ulemavu mdogo, wanampa mkono wa pole na safari inaishia hapo. Yule asiyeweza kujitafutia ndiye anayepewa pensheni ya kila mwezi na matibabu yake. Baba yako alikuwa anahitaji matibabu, Somoe. Zile dawa zake za maumivu ulizokuwa ukitumwa kununua dukani, siku nyingine alikuwa anazigawanya vipandevipande kama mtoto anayeogopa pipi isiishe.

Madaktari walimpima Mtwara. Walimwambia ainame akainama, akang'ata meno ndani ya midomo ili wasimwone. Wakamuuliza anaendeleaje akasema anamshukuru Mungu. Hebu fikiria. Mtu amesafiri kwenda kueleza kuwa ni mgonjwa, anaulizwa hali, anajibu salama. Nilimgombeza tuliporudi. Akaniambia, "Sasa mtu mzima anakuuliza hali kwa adabu, utaanza kumlilia?" Nikamwona mjinga. Kumbe zamu ya mjinga mkubwa ilikuwa bado haijafika.

Akaja afisa. Kijana mmoja mpole wa kutoka bara, ameletwa na bodaboda, shati lake jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi letu. Kazi yake ilikuwa kuona mdai anaishi vipi nyumbani. Baba yako alikuwa amekwenda hospitali mjini, kwa hiyo nikampokea mimi. Na kwetu mgeni wa serikali hapokelewi na mwanamke peke yake, nikamtuma mtu amwite mjomba. Ni mimi niliyemwita. Akaja, akaketi mkekani karibu yangu, fimbo yake mapajani.

Afisa akauliza mengi madogomadogo, nikajibu. Kisha akaniuliza, "Mama, hili shamba la mikorosho nililopita hapa limepaliliwa vizuri sana. Nani analilima?"

Niliangalia fimbo ya mjomba. Sikumwangalia usoni, niliangalia fimbo. Nikasema, "Baba Somoe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Anapalilia yote. Kila msimu."

"Na mgongo?"

"Unamsumbua kidogo wakati wa baridi," nikasema. Na kucheka nikacheka.

Yule kijana akaandika. Alikuwa anaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Mjomba hakusema neno, akaaga akarudi kwake. Nami nilibaki najiona nimeokoa ndoa yangu.

Uamuzi ulipokuja baba yako aliusoma kwanza, akanipa. Walisema wamekubali aliumia akiwa kazini, ila ulemavu ni mdogo, kwa kuwa mke wake mwenyewe, mbele ya mzee wa familia, amethibitisha kwamba mdai analima shamba la mikorosho bila msaada. Nikarudia kusoma nikidhani nimekosea mstari. Baba yako akasema, "Ulijibu vizuri. Ungejibu vingine tungelala wapi?" Angenipiga kofi ningepumua. Yeye akanisifu, nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Tukakata rufaa. Hapo nilijifunza kitu ambacho kichwani mwangu hakikuwemo. Nilifikiri rufaa ni kwenda kuanza upya, mtu anaingia na mgongo wake, wanauona, wanasikitika. Mama mmoja wa msaada wa kisheria pale mjini, mcheshi, mwenyeji wa Tabora, ndiye aliyenitoa usingizini. Alisoma makaratasi yetu yote huku anakula karanga, akanitazama.

"Dada, hawa wa rufaa wanamtafuta aliyeamua mwanzo, wanauliza alikosea wapi. Sasa niambie wewe, yule afisa alikosea wapi?"

Nikazitazama zile karanga zake.

"Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Hajakosea. Shahidi wao mkubwa ni wewe. Usipokwenda kumpinga huyo shahidi, mgongo wa mzee hautatazamwa."

Akasema rufaa inakubali ushahidi mpya kama kuna sababu ya kuutoa sasa na si mwanzo. Tuliomba barua ya daktari wa pale wilayani, picha ya mfupa, na maelezo yangu mapya. Hayo mawili ya kwanza, alisema, yataeleza mgongo ulivyo. Ya kwangu ndiyo yataeleza maisha yalivyo. Na wataniuliza kwa nini nilidanganya, nijiandae.

Nilijiandaa. Nilichosahau ni mjomba.

Nilimsihi baba yako twende wawili tu. Akakataa katakata. "Kesi ya nyumba hii haiendi bila mwenye nyumba. Tukimwacha atauliza tumeficha nini." Alikuwa sahihi kwa desturi zetu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemzoesha kuogopa. Basi tukafuatana watatu, mjomba kavaa kanzu yake ya Idi na koti juu, joto la Mtwara lile, jasho linamchuruzika na hataki kulivua.

Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka bila upepo. Walikaa watu watatu mezani. Katikati mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini. Kulia daktari wa jeshi. Kushoto bwana mmoja ambaye muda wote alikuwa akiandika. Baba yako akasimama wima, kifua mbele, akapiga saluti. Amestaafu miaka, yuko mbele ya watu wanaotaka kujua kama mgongo wake umevunjika, naye anapiga saluti! Yule daktari akaitikia kwa kichwa na kuandika kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wakanianza mimi. Nikasema yote niliyojiandaa kusema. Kwamba baba yako halimi, kwamba napalilia mimi alfajiri, kwamba yeye hubeba jembe kwa ajili ya macho ya watu. Mjomba alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, kuna maelezo yako mawili hapa. Yanapingana. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Leo kuna pensheni mbele yako. Siku ile hakukuwa na kitu. Kwa nini tuamini ya leo?"

Nilifungua mdomo. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa nyuma yangu limevaa koti. Ningesema, nilimwogopa mjomba wangu asimfukuze mume wangu. Sikuweza, Somoe. Nikasema, "Nilikuwa na aibu tu," na hata mimi nilisikia jinsi lilivyo jibu jepesi.

Akamgeukia baba yako. "Mzee, anayosema mkeo ni kweli? Hulimi?"

Alikuwa bado amesimama. Walimpa kiti akakataa. Akatazama mbele, ukutani, juu ya vichwa vyao. Akasema, "Mke wangu ana huruma, mheshimiwa. Mimi nalima."

Nilimchukia. Nakuambia wazi, kwa dakika ile nilimchukia baba yako kuliko mtu yeyote duniani. Usingizi wote ule niliokosa, mikono yangu hii, halafu anikane mbele ya watu nionekane mwongo mara mbili. Baadaye nilijua alikuwa anafanya kilekile nilichofanya mimi mkekani. Lakini wakati ule sikujua, hasira ilikuwa imenipofusha.

Mwenyekiti akarudisha miwani, akaanza kufunga faili. Bwana wa kushoto akainua kalamu. Na mimi nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Mama mwenyekiti, nsikilize na mimi kidogo."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndo mwenye shamba. Huyu npwa wangu, yule nkwe wangu. Nataka kusema."

Akaruhusiwa. Akasimama, koti na yote. Najua unavyomjua anavyoongea, kama anagombana na kuku.

"Huyu ntu halimi. Hajalima tangu arudi huko jeshini. Mi naamka kusali, nkitoka naona npwa wangu yuko kwenye mikorosho, giza, peke yake. Nafunika kandili. Kukicha anatoka huyu askari na jembe kalipaka udongo. Ananambia nyasi zilikuwa kali."

Yule bwana wa kushoto akacheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka.

"Siku afisa alipofika nyumbani, ulikuwepo?"

"Nlikuwepo."

"Ulimsikia mpwa wako akisema uongo?"

"Nlimsikia."

"Na hukusema kitu."

"Nseme nini, mama?" Sauti yake ikashuka, sijawahi kuisikia imeshuka namna ile. "Kwetu nkwe asiyelima anaondoka. Mi ndo wa kumwondoa. Nkijua, lazima nimwondoe. Basi nikawa sijui. Mi sikutaka aondoke."

Halafu akakaa. Akalivua lile koti, hatimaye, akaliweka magotini.

Mwanangu, nimeishi na yule mzee tangu nizaliwe. Misimu yote ile nilikuwa nanyata kwa njia ya nyuma nikimkwepa, na yeye alikuwa amesimama na kandili lake amelifunika ili nisimwone kwamba ananiona. Tulikuwa tunafichana watu watatu kitu ambacho wote watatu tunakijua. Tukamficha na afisa wa watu, aliyekuja kwa nia njema kutuuliza.

Mwenyekiti akamgeukia tena baba yako. Hakuuliza kama mwanzo. Alisema tu, "Mzee?"

Baba yako alikuwa ameacha kutazama ukuta. Alikuwa anamtazama mjomba. Mabega yakamshuka, nikadhani anaanguka, nikainuka. Akasema, "Nimechoka, mama."

Akavuta kile kiti alichokuwa amekikataa, akakaa. Akaanza kueleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeelekeza njia. Kwamba hawezi kuvaa suruali bila mimi. Kwamba akilala chali hawezi kugeuka, ananisubiri niamke. Kwamba mguu wa kushoto unakufa ganzi na siku nyingine hajui kama amevaa ndala au la. Na mengine ambayo hata wewe mtoto wake sitakuandikia. Daktari alimwuliza taratibu, akajibu taratibu. Ndipo wakampima upya, na safari hii palipouma akasema panauma.

Uamuzi ulikuja baada ya kitambo kirefu, nusura tusahau. Walikubali rufaa. Na unajua waliamini nini? Picha ya mfupa waliitaja, barua ya daktari waliitaja. Mimi walisema maelezo yangu peke yake yasingetosha, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema vingine. Nilistahili hilo. Waliandika kwamba uzito wameuweka kwa yule mzee, kwa kuwa alisema jambo lisilomnufaisha, tena lililomtia aibu yeye mwenyewe mbele ya watu wake. Yule mama wa msaada wa kisheria alinisomea mstari huo huku anapiga paja kwa furaha. Mimi nilikuwa nimechoka mno hata kucheka.

Maana aibu ilikuja kweli. Habari zilitoka, sijui kwa nani, labda kwa mke wa mjomba, labda kwa mjomba mwenyewe alipokuwa anagomba na mtu. Wazee wenzake walimjia barazani wakamuuliza imekuwaje anafuga mkwe asiyelima na amekiri mbele ya serikali. Nilisikia kutoka jikoni hapahapa. Akawaambia, "Mwenye kufukuza ni mimi. Sijafukuza. Kunyweni chai." Wengine hawakunywa. Tangu hapo yupo mmoja hampi mkono msikitini. Haya wewe hukuambiwa. Wewe uliambiwa ile nusu ya jembe.

Sikuandiki haya ili ukambusu miguu kesho asubuhi. Ana kisirani, atakujibu vibaya, na basi halisubiri. Kumuaga au kutomuaga ni juu yako, umeshakuwa mtu mzima. Nataka tu ukigeuza uso ujue unaugeuza kwa nani.

Na kuhusu mimi. Watu watasema mama yako alikuwa mwanamke shujaa, aliyelima gizani kwa ajili ya mume. Usiwaamini sana. Ningemwambia baba yako mwaka ule wa kwanza, "Twende kwa mjomba, tukamweleze," pengine tungekaa mkekani nusu siku, tungegombana, na mambo yangekwisha. Nilipenda kuwa mimi peke yangu ninayejua. Ilinipa kiburi kitamu. Nimelipia kiburi hicho kwa miaka ya mgongo wa mtu mwingine, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko ule uongo wenyewe.

Huko uendako watakufundisha kutosema umechoka. Jifunze, maana usipojifunza hutamaliza mafunzo, na baba yako atakufa kwa huzuni. Lakini wakikuuliza wanaoandika, waambie. Siku ileile, hata kama aliyelala kando yako ameumia zaidi. Sikufundishi kuwa mlalamishi, Mungu anajua nyumba hii haijui kulalamika, na ndiyo maana imetuchukua muda mrefu hivi kufika hapa. Nakuambia kwa sababu nimeona jinsi wanavyoamua. Hawawezi kuingia ndani ya mwili wako. Wana kile ulichosema na kile walichosema wanaokupenda, na sisi tunaokupenda ndio waongo wakubwa.

Redio imezimwa, nadhani baba yako ameamka. Kabla hajaniita nikuambie hili la mwisho, nalo amenituma mwenyewe.

Kesho hatakuja stendi. Bodaboda inamuua mgongo na kutembea hawezi. Nilitaka akuambie yeye, akasema ataanza kutafuta maneno na maneno yatamfanya ajaribu kwenda. Tena kuna jambo lingine, dogo kwa wengine. Unajua baba yako tangu ukiwa mtoto hajawahi kumuaga mtu akiwa amekaa. Hata yule kijana wa kuleta mkaa anamsindikiza kwa kusimama. Amesema kesho atakuaga akiwa kwenye kiti, pale barazani, mbele ya mjomba na mbele ya kila atakayepita, na ameniomba nikuambie mapema usije ukadhani hana furaha na wewe.

Kwa hiyo usimnyooshee mkono wa kumwinua. Inama wewe.

Mama yako,
Fatu